Simu Mkononi, Afya Nyumbani

Matini ya hotuba kwa mabaraza ya wananchi, vyama vya akina mama na vikundi vya vijana, Kitale na Bungoma



Chukueni mfano wa mama mmoja, awe wa Kiminini au wa Kimilili, kwani hadithi ni ile ile. Ni saa nane usiku. Mtoto wake wa mwaka mmoja anachemka joto na amekataa kunyonya. Baba yuko safarini. Zahanati ya karibu itafunguliwa asubuhi, na hospitali iko mbali, nauli ya boda boda usiku ni maradufu. Mama anashika simu na kuandika katika kundi la WhatsApp la chama: "Mtoto ana joto, nifanye nini?" Kabla dakika kumi hazijaisha majibu saba yamefika. Wa kwanza anasema mtoto apakwe kitunguu. Wa pili anasema apewe nusu ya tembe aliyopewa jirani mwezi jana. Wa tatu anatuma video ya mtu aliyevaa koti jeupe akiuza dawa ya chupa. Wa nne anasema, "Mpeleke hospitali sasa hivi, mtoto asiyenyonya si wa kungoja asubuhi."

Huyo wa nne ndiye aliyesema kweli. Lakini mama yule, katika giza na hofu, atamjuaje? Hilo ndilo jambo la leo: jinsi mwananchi anavyoweza kutumia simu yake kupata maarifa ya afya na ya kutunza nyumba na mazingira, bila kupotoshwa wala kuliwa pesa.

Mtandao ni kama soko la Kitale siku ya soko, au Chepkube pale Bungoma. Kuna viazi vizuri na kuna vilivyooza vikafunikwa juu na vizuri. Hakuna anayeacha kwenda sokoni kwa sababu hiyo. Anakwenda, lakini anageuza, anabonyeza, ananusa, kisha analipa. Na wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dawa inayokufuata kwenye simu mara tano kwa siku, ikidai kutibu kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo na utasa kwa chupa moja, hiyo inajitembeza.

Kabla ya kuamini ujumbe wowote wa afya, jiulize maswali matano. La kwanza, nani anasema? Je, ni wizara, hospitali, chuo, au ni mtu asiyejulikana jina wala mahali? La pili, anauza nini? Ushauri unaoishia kwa nambari ya kutuma pesa ni tangazo la biashara. La tatu, ni wa lini? Picha ya mwaka 2014 huzungushwa leo kana kwamba ni ya jana. La nne, nani mwingine mwaminifu anasema vivyo hivyo? Na la tano, ambalo ni zito kuliko yote: je, ujumbe huu unakutaka uache dawa uliyopewa hospitalini?

Ukikutana na hilo la tano, simama hapo hapo. Wazee wengi wenye shinikizo la damu hawasikii maumivu yoyote. Mzee anaweza kumeza kinywaji cha mtandaoni wiki tatu, akajiona yuko sawa, akaacha tembe zake, na siku moja akaanguka shambani kwa kiharusi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ikiwa dawa inakuletea shida, mrudie muuguzi au daktari umweleze. Yeye ndiye wa kuibadilisha.

Sasa, yako mambo mazuri ambayo simu inaweza kufanya, na mengine hayahitaji hata bando la intaneti. Simu ya kabambe inatosha.

La kwanza ni usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Mwananchi hubonyeza *147# na kufuata maelekezo akiwa na kitambulisho chake. Anayetumia intaneti anaweza kujisajili kupitia tovuti ya Afya Yangu. Kujisajili hakulipiwi. Anayekuambia utoe pesa ndipo akusajili, au anayekuomba nambari yako ya siri ya M-Pesa, ni mlaghai. Aliyejisajili hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo kwenye mpango huo bila kulipa mlangoni, kwa kuwa gharama hubebwa na Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi. Kwa matibabu ya hospitali kubwa na kulazwa, mchango wa kaya lazima uwe umelipwa. Usingoje hadi mgonjwa awe juu ya machela ndipo ukumbuke kujisajili.

La pili ni kwa akina mama wajawazito. Katika kaunti nyingi za Kenya kuna huduma ya arafa iitwayo PROMPTS, inayoendeshwa na shirika la Jacaranda Health pamoja na hospitali za umma. Mama huandikishwa anapokwenda kliniki, kisha hupokea ujumbe unaolingana na umri wa mimba yake, na baadaye umri wa mtoto. Anaweza pia kuuliza swali kwa Kiswahili au Kiingereza na kujibiwa, bila malipo. Muulize muuguzi wa kliniki yako kama huduma hiyo ipo kituoni mwako.

Hata hivyo, ziko dalili ambazo mama mjamzito hapaswi kuziulizia kwenye simu na kungoja jibu. Kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu machoni, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kuvunjika kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza tumboni: akiona moja tu kati ya hizo, ni kwenda hospitalini mara moja. Simu hapo ina kazi moja, nayo ni kuita gari.

Ni vivyo hivyo kwa mtoto mchanga. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hata haamki vizuri, huyo ni wa hospitali, iwe mchana au usiku. Mtoto anayeharisha lakini bado ana nguvu, apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaani ORS, na aendelee kunyonya. Zahanati itampa pia tembe za zinki za siku 10 hadi 14. Ndugu wananchi, yaandikeni hayo na kuyabandika ukutani jikoni. Karatasi haiishi chaji.

La tatu ni jirani yako. Mnamo Septemba 2023 serikali ya kitaifa pamoja na kaunti zilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Walipewa mikoba yenye kipima joto, mashine ya kupima shinikizo la damu na sukari, na utepe wa kupima utapiamlo wa watoto, pamoja na simu ya kisasa ya kunakili hali ya kila kaya. Katika maeneo yenye malaria nyingi, waliofunzwa hupima malaria papo hapo nyumbani. Kwa hiyo mtandao bora wa afya kijijini si ule wa kwenye kioo cha simu. Ni mtu anayejua njia ya kufika kwako. Hakikisha una nambari yake, na yeye ana yako. Mama yule wa saa nane usiku angeanza na nambari hiyo kabla ya kundi la chama.

Yafaa pia kuziweka hizi katika simu, zote ni za bure: 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa mtoto anayeteswa au aliye hatarini, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya kwa aliyelemewa na mawazo. Vijana wa kiume, hii ya mwisho ni yenu pia. Kunyamaza na mzigo si uanaume.

Na neno moja kuhusu siri. Picha ya matokeo ya maabara, kitabu cha kliniki au cheti cha mgonjwa si vya kutumwa kwenye kundi la kijiji ili watu wasome. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitambua habari ya afya ya mtu kuwa nyeti. Uliza swali lako bila kutaja jina la mgonjwa. Ukipokea siri ya mwingine, ifute.

Tuingie sasa jikoni, kwa maana afya nyingi hupotelea hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia nyumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kifua cha mtoto anayebebwa mgongoni mama akipuliza kuni mbichi hakina tofauti na kifua cha mvutaji sigara. Si lazima mtu aanze na jiko la gesi ikiwa hana uwezo. Aanze na kukausha kuni, kufungua dirisha la jikoni, na kumtoa mtoto kwenye moshi. Kisha atafute jiko linalobana moto. Jiko la makaa lenye kauri ndani lilianza kutengenezwa Kenya miaka ya 1980, na eneo hili la Magharibi lina historia ndefu ya vikundi vya akina mama waliofinyanga majiko ya udongo ya kuni, yale yaitwayo Upesi au Maendeleo. Video za kuonyesha jinsi ya kulijenga na kulitengeneza likipata ufa zipo mtandaoni. Kikundi kinaweza kutazama pamoja na kujaribu.

Liko jambo jingine lisilogharimu chochote. Maharagwe na mahindi ya githeri yakilowekwa usiku kucha huiva mapema na kuokoa kuni. Kumwaga maji yale na kupika kwa maji mapya hupunguza pia gesi tumboni. Maharagwe mekundu lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, kwani yakipikwa kwa joto la chini tu hubaki na sumu inayoumiza tumbo. Baada ya kuchemka vizuri, sufuria inaweza kufunikwa na kuingizwa ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au majani makavu ya migomba, chakula kikaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe mama akiwa shambani.

Hapa Kitale mahindi ndiyo maisha, na ndiyo hatari pia yakihifadhiwa vibaya. Mwaka 2004, katika sehemu za Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na mahindi hayawi salama kwa kuoshwa au kuchanganywa na mazuri. Kinga ni kukausha hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na mashine ya kupima unyevu anaweza kutumia chupa: weka mahindi kiasi ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, ongeza chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Yaanikwe juu ya turubali, si juu ya udongo mtupu. Yaliyooza yasipewe ng'ombe wa maziwa wala kuku, kwani sumu hurudi mezani kupitia maziwa.

Maarifa kama hayo yamekusanywa katika tovuti ya Infonet-Biovision, iliyoanzishwa kwa ajili ya wakulima wa Afrika Mashariki na shirika la Biovision la Hans Rudolf Herren, mtaalamu wa wadudu aliyewahi kuongoza kituo cha icipe jijini Nairobi na kushinda Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Tovuti hiyo inaweka pamoja afya ya mimea, ya mifugo, ya binadamu na ya mazingira, kwa sababu katika boma la mkulima hayo manne hayaachani. Imeandikwa zaidi kwa Kiingereza. Hapo ndipo kijana aliyemaliza shule atakapowafaa wazazi wake kwa kuwasomea na kuwafafanulia. Kwa wanaopendelea kutazama, Access Agriculture ina video za mafunzo ya kilimo, nyingi zikiwa na sauti ya Kiswahili, na zinapakuliwa bure. Na programu ya Nuru ya PlantVillage humsaidia mkulima kutambua magonjwa ya muhogo kwa kuelekeza kamera kwenye jani, hata pasipo intaneti.

Wala wenyeji hawana haja ya kwenda mbali kuona hayo kwa macho. Kituo cha Kilimo cha Manor House karibu na Kitale kimefundisha kilimo hai tangu mwaka 1984: kuchimba tuta kwa kina mara mbili, kutengeneza mboji, na kupata mboga nyingi katika sehemu ndogo. Trans Nzoia ilikuwa pia kati ya sehemu za kwanza ambako wakulima, kuanzia mwaka 1997, walijaribu mbinu ya icipe ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya mifugo kuzunguka shamba. Desmodiamu hufukuza viwavi na kuzuia kiduha. Majani ya pembeni huwavuta wadudu nje. Ng'ombe naye anapata malisho. Viwavijeshi vamizi vilipogunduliwa Kenya mwaka 2017, vikianzia huku Magharibi, wenye mbinu hiyo hawakubaki mikono mitupu.

Mboga za kienyeji nazo zirudi mlangoni: mnavu, saga, mrenda, kunde na mito. Hustahimili ukame, hazihitaji dawa nyingi, na gunia moja lililojazwa udongo na mboji linaweza kulisha kaya sukuma kwa miezi.

Kwa mkulima anayenunua mbegu, pakiti halali ina kibandiko cha KEPHIS. Kwangua, tuma nambari iliyofichwa kwa 1393, na utajibiwa kama mbegu ni ya kweli. Bidhaa nyingine yenye alama ya ubora ya KEBS huthibitishwa kwa kutuma herufi SM, alama ya #, na nambari ya kibali kwa 20023. Arafa moja kabla ya kulipa inaweza kuokoa msimu mzima.

Kuhusu taka, wengi wanakumbuka tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka sasa kila kaya itenganishe taka zinazooza na zisizooza. Maganda na mabaki ya chakula ni mboji. Chupa na vyuma vina wanunuzi. Plastiki isitumike kuwashia moto, hata kidogo, kwa maana moshi wake ni sumu na unaingia katika chakula kile kile. Mabua baada ya mavuno yasichomwe. Yakatwe yafunike udongo au yalishe mifugo. Udongo unaobaki wazi huishia Mto Nzoia, na mafuriko yakifika Budalang'i, yamebeba shamba la mtu wa juu.

Na miti: serikali imelenga kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na programu ya JazaMiti humsaidia mtu kuchagua mti unaolingana na eneo lake na kunakili aliopanda. Mlima Elgon na milima ya Cherangani ndiyo matangi ya maji ya kaunti hizi. Mikaratusi isipandwe kando ya chemchemi. Mianzi na miti ya kiasili ndiyo mahali pake.

Huenda mwananchi akauliza: "Haya yote ni ya wenye simu kubwa. Mimi je?" Jibu ni chama. Kila kikundi kichague mwanachama mmoja mwenye simu nzuri. Apakue video moja kila wiki, somo moja tu: wiki hii mboji, wiki ijayo lishe ya mtoto. Itazamwe kabla ya mchango kukusanywa. Kisha mhamasishaji wa afya au afisa wa kilimo wa wadi aalikwe kusema kama iliyotazamwa ni kweli na inafaa hapa. Pia msimamizi wa kundi la WhatsApp aweke sharti: anayetuma ushauri wa dawa aseme umetoka wapi, la sivyo uondolewe.

Mwisho, simu isifanywe kisingizio na yeyote. Katiba, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya. Ibara ya 42 haki ya mazingira safi. Na Ibara ya 35 haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Huduma za afya kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti. Mwananchi akifika zahanati akakosa dawa au mhudumu, asiambiwe aende akatafute mtandaoni. Aulize, kwa upole na bila woga, dawa zinakuja lini, na kamati ya kituo ina wajibu wa kumjibu.

Mrudieni basi yule mama wa saa nane usiku. Akiwa amebandika dalili za hatari ukutani, akiwa na nambari ya mhamasishaji, akiwa amesajiliwa SHA, na akiwa na mwendesha boda boda waliyekubaliana naye mapema, hatahitaji majibu saba. Atapiga simu mbili na kuondoka na mtoto wake. Mkitoka hapa leo, kila mmoja afanye moja tu kati ya hayo manne kabla jua halijatua, na kesho afanye la pili.